Punguza Kwanza

Anayebeba amplifaya hadi kwa fundi huwa amekuja kuongezewa. Anataka nguvu zaidi, besi zaidi, spika ya pili. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ombi hilo halimshangazi mtu. Huku ndiko matatu za njia ya 58 husikika kabla ya kuonekana, ndiko mhubiri wa kanisa la mabati na mwenzake wa kanisa jirani hukutana hewani bila kupanga, ndiko mwanasiasa hupimwa kwanza kwa ukubwa wa spika zilizofungwa juu ya gari lake. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele zipo tangu 2009. Watu huzikumbuka zaidi kelele ikiwa ya jirani.

Ndiyo maana kazi moja ndogo ya ufundi imenikaa akilini. Ni ile ya kurekebisha lupu ya efekti kwenye amplifaya ya gitaa inayotumia valvu. Fundi huinama juu ya chasisi mchana kutwa, mteja hulipa, na kilichofanyika hasa ni kwamba sehemu kubwa ya sauti imetupwa makusudi, kisha ikarejeshwa kwa kipimo. Amplifaya haikupata hata wati moja ya ziada. Mteja akiiwasha na kuona haina tofauti yoyote mpaka achomeke pedali yake, hapo ndipo kazi imefaulu.

Kwa asiyepiga gitaa, maelezo mafupi. Ndani ya sanduku la amplifaya mna mashine mbili. Ya mbele hupokea umeme hafifu wa gitaa, sehemu ndogo tu ya volti moja, huukuza, huchonga besi na sauti za juu, na mpigaji akitaka, huupasua hadi ukwaruze. Ya nyuma huyachukua matokeo hayo na kuyapa msuli wa kusukuma spika. Lupu ni pale ambapo waya unaoziunganisha mashine hizo umekatwa, na ncha zake mbili zikatolewa nje kwa soketi mbili nyuma ya sanduku: moja ya kutoka, moja ya kurudi. Katikati yake ndipo huchomekwa pedali ya mwangwi, au ya kuifanya sauti iwe kama inapigwa ukumbini.

Kwa nini usumbuke hivyo, na pedali hiyo ingeweza kukaa mbele kabisa, kati ya gitaa na amplifaya? Kwa sababu ya mpangilio. Mwangwi ukitangulia na mkwaruzo ukafuata, kila nota mpya itatafunwa pamoja na vivuli vya nota zilizopita. Kodi mbili zikiandamana, masikio hupokea uji. Mkwaruzo ukitangulia na mwangwi ukafuata, nota iliyopasuka huitikiwa ikiwa nzima, tena na tena, ikififia polepole. Vifaa ni vilevile, nyaya ni zilezile, tofauti ni nani katangulia. Wapishi watalielewa jambo hili upesi kuliko mafundi wengi: kitunguu kilichotiwa baada ya maji si kitunguu kilichokaangwa.

Haja hiyo ilizaliwa mbali na huku. Mashine za mwangwi za miaka ya 1950, kama Copicat aliyoitoa Charlie Watkins jijini London mwaka 1958 au Binson Echorec ya Italia, zilikaa mbele ya amplifaya na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa amplifaya za wakati ule zilipigwa zikiwa safi. Ni pale Randall Smith wa Mesa/Boogie kule California alipoanza kurundika hatua za kukuza moja juu ya nyingine, ili gitaa likwaruze hata kwa sauti ndogo, ndipo mwangwi ulipokosa pa kukaa. Kufikia mwaka 1980 hivi lupu ilikuwa imeanza kuonekana nyuma ya masanduku yake. Baadaye ikaja amplifaya ya Soldano ya 1987 yenye lupu inayoendeshwa na valvu, na ndugu zake wengi wakafuata.

Sasa tazama Nairobi ya miaka hiyo hiyo. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga, walijitoa wakaunda Les Wanyika, na muda si mrefu wakatoa "Sina Makosa". Lisikilize gitaa la ridhimu la Omari Shabani ndani ya wimbo ule. Kila nota ina kingo, na kati ya nota na nota unaweza kusikia nafasi. D. O. Misiani na Shirati Jazz nao walikuwa wakilisukuma gitaa la solo la benga juu kabisa, jembamba, likimjibu mwimbaji neno kwa neno. Kabla yao, Fundi Konde alikuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kabisa kulishika gitaa la umeme, na Daudi Kabaka na wenzake wa Equator wakalipa twisti yake. Ukoo mzima huo ulipiga gitaa safi. Mpasuko ulikuwa ugonjwa: dalili kwamba spika imechanika au fundi wa mitambo amelala. Kwa gitaa la namna hiyo lupu haina kazi. Pedali ya mwangwi ikae mbele, ikae nyuma, masikio hayataona tofauti ya maana. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba tulikuwa nyuma kwa kukosa lupu. Hatukuwa na ugonjwa unaotibiwa nayo.

Ugonjwa umekuja baadaye, na umepitia mlango ambao sikuutarajia. Ukiuliza muziki uliotoka Eastlands tangu miaka ya 1990, utatajiwa Kalamashaka wa Dandora, utatajiwa Ethic wa Umoja waliotikisa nchi mwaka 2018 kwa "Lamba Lolo". Ni muziki wa kipaza sauti na kompyuta. Gitaa karibu halimo. Gitaa limehifadhiwa na kanisa. Nenda Kayole, nenda Dandora, nenda Umoja siku ya Jumapili, utamkuta kijana amesimama kando ya kinanda na pedali tatu miguuni. Wakati wa kuabudu anatakiwa apige nota ndefu zilizokwaruzwa kidogo, na nyuma yake mwangwi unaoruka kwa nusu na robo, mtindo uliosambazwa duniani na makanisa makubwa kama Hillsong la Sydney. Dakika kumi baadaye kiongozi wa sifa anapaaza sauti, ngoma zinabadilika, na kijana yule yule anatakiwa apige sebene: safi, kali, bila ukungu wowote. Gitaa moja, amplifaya moja, mabara mawili. Huyu anaihitaji lupu kwa haki kabisa. (Kwamba kanisa lenyewe ni la mabati na lina mwangwi wake wa bure ni hoja nyingine. Nimewahi kuitoa, sikueleweka.)

Na amplifaya anayoipata kijana huyu mara nyingi ni ya mkono wa pili, "ex-UK" kama wasemavyo wauzaji, au imeletwa na jamaa kutoka Marekani. Ya Marekani ina fumbo lake la kwanza: transfoma yake inangoja volti 120, nayo soketi ya ukutani Kenya ina 240. Hapo hakuna cha kurekebisha lupu mpaka kwanza ipatikane transfoma ya kushusha, na walioichomeka moja kwa moja wanaijua harufu iliyofuata. Ya Uingereza huanza kazi bila shida, kisha lupu yake inaanza vituko.

Nilimsikia fundi mmoja Kariobangi akizungumza na kijana wa aina hii.

"Mzee, mwangwi wangu unakwaruza."

"Mwangwi haukwaruzi, kijana wangu. Pedali ndiyo inayolia. Umeipigia kelele sikioni."

Hiyo ndiyo shida yote, na sijapata kitabu kilichoisema kwa ufupi zaidi. Lupu nyingi za valvu zilichorwa enzi ambazo efekti zilikuwa masanduku ya chuma ya studio yaliyopangwa kwenye rafu. Vifaa vya studio huzungumza kwa kiwango cha volti 1.23 hivi, na vina nafasi ya kupokea zaidi ya hapo. Pedali ya sakafuni inaishi kwa betri ya volti 9. Imezoea kupokea moja ya kumi ya volti, pengine mbili au tatu za kumi, na ukiizidishia volti tatu kutoka katikati inagonga dari. Ilhali ndani ya amplifaya, baada ya hatua tatu za valvu zinazokula volti 300, mawimbi yanaweza kufika makumi ya volti. Lupu isiyo na adabu huyamwaga yote hayo kwenye pedali. Kijana anasikia mkwaruzo mbaya na kudhani pedali ni bandia. Ananunua nyingine, ghali zaidi, nayo inalia vilevile.

Basi fundi anafungua. Hapa nieleze jambo la usalama kabla ya ufundi, kwa sababu limewaua watu walioujua umeme vizuri. Kapasita kubwa za amplifaya ya valvu huweka akiba ya volti 300 hadi 450, na akiba hiyo hubaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi anayejiheshimu huzitoa umeme kwa kupitia rezista, huzipima kwa mita, hupima tena, na anapolazimika kupima ikiwa imewashwa, hufanya hivyo kwa mkono mmoja, mwingine akiwa ameutia mfukoni. Ukimwona anayebonyeza bisibisi kwenye ncha za kapasita ili iruke cheche, mwombe amplifaya yako uondoke.

Kitu cha kwanza anachokitafuta ni namna sauti inavyotoka. Katika lupu duni, soketi ya kutoka imeunganishwa karibu moja kwa moja na anodi ya valvu au na vidhibiti vya toni, mahali ambapo chanzo kina ukinzani wa kiloomu 100 hivi. Kebo ya gitaa si waya mtupu. Kila mita yake ina uwezo wa kuhifadhi umeme, kama pikofaradi 100. Chukua kebo za mita sita kwenda kwenye pedali zilizo jukwaani: pikofaradi 600. Piga hesabu na utaona kwamba kila kitu kilicho juu ya hezi 2,600 hivi kinaanza kudidimia. Hapo ndipo panapokaa makali ya sebene. Mpigaji anasema amplifaya "imefunikwa blanketi", naye anaongeza sauti za juu hadi mwisho, na blanketi haliondoki.

Dawa yake ni nusu ya valvu ya ECC83, ile ambayo Wamarekani huiita 12AX7, ifungwe kwa namna ambayo sauti inatolewa kwenye kathodi na si kwenye anodi. Ukiifunga hivyo haikuzi chochote. Inatoa pungufu kidogo kuliko ilichopokea. Lakini ukinzani wake wa kutoka unashuka hadi omu 600 na ushee, na kwa ukinzani huo kebo ile ya mita sita haiwezi kuiba kitu ambacho sikio la binadamu lingekipata. Napenda sana kwamba valvu maarufu kwa kukuza mara mia inapewa hapa kazi ya kutokuza kabisa. Inasimama tu mlangoni kuhakikisha kinachotoka kinafika.

Ina sharti lake. Kathodi ya valvu iliyofungwa hivyo, hasa ikiungwa moja kwa moja na hatua iliyotangulia, inaweza kukaa kwenye volti 180 au 200 huku hita yake ikiwa karibu na sufuri. Watengenezaji wameweka kikomo cha tofauti hiyo karibu na namba hizo hizo. Fundi mwangalifu huipandisha hita nzima juu kwa makumi kadhaa ya volti ili pengo lipungue. Asiyefanya hivyo anauza kazi yenye miezi michache ya kuishi, na mteja akirudi, lawama hupewa valvu "za siku hizi".

Baada ya hapo ndipo huja kupunguza kwenyewe, na ni rezista mbili tu. Kiloomu 47 njiani, kiloomu 4.7 kwenda chini, na soketi ya kutoka katikati yake. Sehemu kumi kati ya kumi na moja za mawimbi zinamezwa pale na kugeuka joto lisilohisika hata kwa kidole. Volti kumi zinakuwa chini kidogo ya volti moja. Wengine huweka volyumu ndogo badala ya rezista ili mpigaji achague mwenyewe. Mimi naona ni busara, mradi iwekwe nyuma, isikae mbele ambako mkono wa kiongozi wa sifa utaifikia.

Kuna mtego umejificha katika hatua hii, nao ndio unaotofautisha fundi anayenakili na fundi anayefikiri. Kabla ya rezista hizo ipo kapasita inayozuia umeme wa moja kwa moja usitoke nje. Katika michoro mingi ni ya nanofaradi 22, namba iliyozoeleka tangu enzi za Fender za zamani, na mbele ya ukinzani wa omu milioni moja inafaa kabisa. Lakini sasa umeiwekea mbele yake jumla ya kiloomu 52 hivi. Ghafla inaanza kukata kila kilicho chini ya hezi 140. Waya mnene wa gitaa, ule wa E, unalia kwa hezi 82. Umetengeneza lupu safi isiyokwaruza, na umeikata miguu. Ibadilishe iwe nanofaradi 100 na mkato unashuka hadi hezi 31, chini ya chochote ambacho gitaa linaweza kukisema. Kapasita hiyo haizidi kucha ya kidole gumba kwa ukubwa, na kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue ni miongoni mwa vitu rahisi kuvipata, ilimradi usisahau kuuliza inahimili volti ngapi. Ya volti 50 haina kazi humu. Taka ya 400 au 630.

Upande wa kurudi ni wa kurejesha kilichopunguzwa, na kuna kichekesho chake. Tulipoteza mara kumi na moja. Nusu ya pili ya ile ECC83, ikifungwa kwa kawaida yenye kapasita kwenye kathodi, inakuza karibu mara sitini. Ukiitoa kapasita hiyo inashuka hadi thelathini na kitu. Hata hivyo imezidi. Kwa hiyo fundi anaitoa kapasita, kisha anaweka kigawanyi kingine baada ya valvu, anapunguza tena mpaka lupu yenye pedali iliyozimwa iwe na sauti ileile ya amplifaya isiyo na lupu. Nimewaona wapigaji wakinung'unika hapa. Wanaona kuna nguvu imelala bure ndani ya kioo, mbona isiachiliwe? Kwa sababu ukiiachilia, kuvuta plagi ya lupu kunaibadilisha amplifaya kuwa nyingine, na pia kwa sababu kila unachokikuza baada ya pedali unakikuza pamoja na mnong'ono wa pedali yenyewe. Mnong'ono ukikuzwa mara thelathini katika sala ya kimya, waumini wote watajua nani amekuja na pedali ya bei nafuu.

Kuna mvumo pia, nao ni mada ambayo ningeipa gazeti zima kama ningeruhusiwa. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ziliwekewa stima kabla mtu hajawaza kwamba chumba kimoja kingekuwa na vifaa kumi. Tunachofanya ni kupanga ekstensheni juu ya ekstensheni. Amplifaya iko kwenye moja, adapta ya pedali kwenye nyingine, mixa ya kanisa kwenye ya tatu upande wa pili wa jukwaa, na kila moja ina njia yake ya kwenda ardhini. Lupu inaziunganisha njia hizo, na mzunguko huo unakusanya mvumo wa hezi 50 kutoka hewani. Tiba ya haraka inayozunguka mitaani ni kuukata waya wa ardhi wa amplifaya. Mvumo unaisha papo hapo. Na kuanzia dakika hiyo, kosa lolote dogo ndani ya transfoma lina njia moja tu ya kwenda chini, nayo inapita kwenye nyuzi za gitaa, mikononi mwa mpigaji, hadi kwenye kipaza sauti kilicho mbele ya midomo yake. Sina lugha ya upole kwa fundi anayefanya hivyo. Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja yenye pini ya ardhi inayofanya kazi, au tenganisha pedali kwa transfoma ndogo ya sauti. Mvumo uliobaki, vumilia.

Stima yenyewe nayo haikai kimya. Saa za jioni, mtaa mzima ukiwa unapika, volti 240 zinaweza kulegea. Zikifika 200, hita ya valvu inayotakiwa ipate volti 6.3 inapata 5.25, na mpigaji anaona sauti imekuwa laini, imelala kidogo, asijue ni kwa nini. Wapo wanaoipenda hivyo. Ila ndiyo sababu vipimo vya lupu havifai kufanywa mara moja tu asubuhi na kuandikwa kama sheria.

Huenda msomaji anajiuliza mbona tusiweke saketi ndogo ya chipu, TL072 kwa mfano, inayofanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya soda. Swali ni halali na jibu langu litawaudhi wapenzi wa valvu. Lupu ya valvu iliyorekebishwa vizuri haipaswi kusikika. Haina "joto" la ziada. Ikiwa nalo, imekosewa. Sababu yangu ya kuiacha iwe valvu ni kavu zaidi: chipu inayoishi kwa volti kumi na tano juu na chini itagonga dari yake mapema mbele ya mawimbi ya makumi ya volti, ilhali valvu yenye volti 300 inayameza bila kushtuka. Na valvu iliyochoka inachomolewa kwa mkono na kuwekwa nyingine, bila kulehemu.

Nyingine itoke wapi ndilo swali gumu. Viwanda vya Uingereza vilivyokuwa vikizitoa kwa mamilioni, kama kile cha Mullard mjini Blackburn, vimefungwa zamani. Leo nyingi zinatoka sehemu tatu tu: Saratov nchini Urusi, kiwanda cha JJ kule Slovakia, na China. Machi 2022, vita vya Ukraine vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, Urusi ilitangaza vizuizi vya kuuza bidhaa nje, na kwa wiki kadhaa wapiga gitaa wa dunia nzima walinunua valvu kana kwamba ni unga kabla ya uchaguzi. Kijana wa Kayole yumo kwenye msururu huo huo na yule wa California, ila yeye yuko mwisho wake. Hii ni sababu nyingine ya kutoziendesha kikomoni.

Juu ya lupu ya sambamba, ile inayoiacha sauti kavu ipite na kuichanganya na ya pedali baadaye, nitasema machache. Inasifiwa kwamba inalinda sauti ya asili. Lakini valvu inayotoa sauti kwenye anodi huigeuza juu chini, na ile inayotoa kwenye kathodi haiigeuzi; njia mbili zikikutana moja ikiwa imepinduliwa, zinafutana. Pedali za kidijitali nazo huchelewesha hata sauti kavu kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mchanganyiko unatoa sauti ya bomba. Kwa kanisa la Dandora nisingeiweka. Lupu ya mfululizo, na swichi ya kuiruka kabisa sebene likianza. Inatosha.

Kinachobaki ni karatasi. Mafundi wetu wengi hawaiandiki, na nadhani ni kwa hofu ya kuibiwa ujuzi; lakini amplifaya ya valvu huishi kuliko mwenyewe, na atakayeifungua miaka ishirini ijayo atakuta kapasita isiyolingana na mchoro wa kiwandani, asijue kama ni makusudi au ni makosa. Basi iandikwe kwa kalamu isiyofutika na kubandikwa ndani ya kifuniko, mbali na joto la valvu: kapasita ya kutoka ilikuwa nanofaradi 22, sasa 100. Kigawanyi cha 47 na 4.7 kimeongezwa. Kapasita ya kathodi upande wa kurudi imetolewa. Hita imepandishwa. Vipimo vilichukuliwa stima ikiwa volti kadha wa kadha. Na vile vipande vya zamani vitiwe kwenye bahasha, vifungwe kwa utepe pembeni mwa sanduku. Atakayeinunua kutoka kwa kijana huyu akiwa ni mtu wa benga, asiyetaka habari ya mkwaruzo wala lupu, ataweza kuirudisha ilivyokuwa kwa kazi ya nusu saa.